Juisi ya Nikodemo na Wakwe wa Kwamkoro

Kama si Nikodemo, sisi watu wa Mgwashi tungekuwa tumeshazikwa wote! Maneno hayo si yangu. Ni yake mwenyewe, na aliyasema kanisani siku ya sikukuu ya mavuno, ameinua kitunguu saumu juu kama askofu ameinua fimbo.

"Wapendwa! Mnahangaika na mahospitali, na dawa mmezitundika jikoni!"

Mchungaji akakohoa. Nikodemo akamgeukia na kitunguu chake.

"Mmesikia? Hicho kikohozi ni njaa ya kitunguu saumu!"

Huyu Nikodemo hakusomea udaktari. Alisomea useremala, na huo nao aliuacha baada ya kutengeneza kabati ambalo milango yake ilifungukia ndani. Udaktari aliupata kwenye simu. Binti yake Shukrani, mwalimu wa shule ya awali, alimnunulia simu ya kugusa ili aone picha za ndugu walio mbali. Humo ndani baba mtu akakutana na bwana mmoja mwenye koti jeupe, anapiga kelele kuhusu viungo vya chakula, na tangu siku hiyo picha za ndugu hazikutazamwa tena.

Basi kila kitu kilichokuwa kimekaa jikoni kwa amani yake kikapewa kazi. Tangawizi ikaambiwa isukume damu. Karafuu ikakabidhiwa meno. Bizari ikapangiwa ini. Kitunguu maji, ambacho tangu dunia iumbwe kazi yake ilikuwa kututoa machozi, kikapandishwa cheo kikawa mlinzi wa moyo!

Na ubaya ni kwamba hakuwa mwongo kabisa. Mke wa jirani mwenye mimba changa alipewa chai ya tangawizi, kichefuchefu kikampungua kweli. Mzee mmoja aliumwa jino, akang'ata karafuu, akalala usingizi. Mwongo mtupu hana shida, mnampuuza mnaendelea na maisha. Shida ni mtu mwenye kweli moja na mdomo wa kutosha kweli mia. Watu wakaanza kumwita Dokta kwa utani, yeye akaitika kwa dhati.

Aliyeipata fresh ni mkewe, Esteria. Nikodemo aliingia jikoni kwa mama wa watu kama serikali mpya. Sukari: marufuku! Mafuta ya kukaangia: marufuku! Nyama: "Nyama ni jeneza lenye chumvi, Mama Shukrani." Badala yake kila sufuria ikapigwa kitunguu saumu mpaka mbuzi wa jirani wakawa wanapita njia ya kule bondeni. Majirani wakasema kitunguu kile kimepewa jina sawasawa, maana nyumba nzima ilikuwa imefunga saumu na mwezi wa Ramadhani haujaandama.

"Baba Shukrani," Esteria alimwambia siku moja, "mimi nimekupikia miaka yote hii. Umewahi kufa?"

"Nilikuwa nakufa polepole bila kujua!"

Esteria akafunga mdomo. Wanaomjua wanasema Esteria akifunga mdomo ndipo mtu unapaswa kuogopa.

Sasa, Shukrani alikuwa na mchumba. Kijana anaitwa Mbelwa, mwalimu mwenzake, walijuana chuoni Korogwe. Kwao ni Kwamkoro, kule Amani kwenye mashamba ya chai. Kijana mpole, anasalimia shikamoo mpaka kwa watu wanaostahili kumsalimia yeye. Wazee wake walikuwa wameshakuja mara moja kuleta posa, na Nikodemo akawasomea madai yake bila kuvuta pumzi: pikipiki mpya, ng'ombe wa kisasa wa maziwa, tangi la maji, suti ya baba, na kwa kuwa nyumba hii ni ya afya, mashine ya umeme ya kusagia juisi!

Wazee wa Kwamkoro wakatazamana. Wakaaga kwa adabu, wakashuka mlima.

Kiongozi wao alikuwa Mzee Aron, baba mkubwa wa Mbelwa. Alikuwa mnyapara wa wachuma chai kabla hajastaafu, na uso wake ulikuwa bado kazini. Baadaye alituma neno: tutarudi mara moja tu, kwa heshima ya kijana. Tukishindwana, kijana wetu atatafutiwa mke mahali pengine.

Shukrani aliposikia hayo alimfuata mama yake kisimani, macho mekundu.

"Mama, baba akiisema tena ile pikipiki, basi. Nitakaa hapa mpaka nizeeke nikinywa maji ya bizari."

"Nyamaza, mame, mwanangu," Esteria akamwambia. "Mungu hamwachi mja wake. Na mimi nipo."

Nikodemo yeye alikuwa anajiandaa kwa ushindi. Falsafa yake ilikuwa hii: ukoo wenye damu safi una thamani, na thamani lazima ionekane. Wageni wakila na kunywa kwake wataona wenyewe kwamba wanaoa kwenye ukoo usiougua. Hapo hata wakiambiwa walete ndege watauliza itue wapi!

Akaenda kwa Mbaraka, jirani anayelima mboga za kupeleka kwenye mahoteli ya Lushoto mjini, akarudi na debe la bitiruti. Alikuwa hajawahi kuila maishani mwake. Lakini bwana wa koti jeupe alikuwa ameisifu kwa muda mrefu mpaka akatokwa jasho: inaongeza damu, inashusha presha, inawapa wazee mbio za ujana.

"Itazame ilivyo nyekundu!" Nikodemo alimwambia mkewe, ameipasua katikati. "Hii si mboga. Hii ni damu iliyoganda ikisubiri mwenyewe!"

Esteria aliitazama ile bitiruti. Kisha akamtazama mumewe. Akafungua mdomo aseme neno.

"Usianze!" Nikodemo akamkata. "Leo jikoni naongoza mimi."

"Haya, Dokta," Esteria akasema. Akakaa.

Wageni walifika asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye miti. Walikuwa wamelala Soni kwa ndugu yao, kwa hiyo walifika na baridi ya Usambara mwilini na kiu ya mlima kooni. Walikuwa Mzee Aron, wazee wengine wawili wa ukoo, na Mama Yunis, shangazi yake Mbelwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu mashambani. Upande wetu alikaa Nikodemo, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate, na dada yake mkubwa, Bibi Beatha, kwa niaba ya ukoo. Mimi nilialikwa kama jirani, na kazi yangu ilikuwa kuitikia "kweli kabisa" kila Nikodemo akisema jambo.

Majagi yakaletwa. Juisi nyekundu, nzito, imetiwa tangawizi, ndimu, na kwa kuwa mwenye nyumba hajui kuacha, kitunguu saumu.

"Karibuni dawa!" akatangaza Nikodemo. "Kwangu hatuwakaribishi wageni kwa soda. Soda ni sumu yenye mapovu!"

Mzee Aron alinusa, akaonja, nyusi zikapanda. Tangawizi ilimpata kifuani, baridi ikatoka. Akanywa glasi yote, akaomba nyingine. Wenzake nao wakanywa, maana kiongozi akinywa wewe ni nani? Nikodemo, kuonyesha mfano, akanywa kuliko wote. Mimi nilijifanya nakunywa, nikawa naumwagia mgomba uliokuwa dirishani. Mgomba ule haukulalamika.

Chakula kilipokuja, kilikuwa pilau la mboga alilolipika Dokta mwenyewe, lenye karafuu nyingi kuliko mchele. Mama Yunis alitafuna kidogo, akaacha kutafuna, akajigusa mdomo.

"Mbona thithikii ulimi?"

"Umepata ganzi, mama yangu!" Nikodemo akashangilia. "Meno yako yanatibiwa!"

"Thikuja kutibiwa meno!"

Mazungumzo yakaanza hivyo hivyo, midomo ya watu ikiwa nusu haipo. Nikodemo akasimama, akasoma madai yake yote kama mara ya kwanza, pikipiki mpaka mashine ya juisi. Mzee Aron akasikiliza, mikono kwenye fimbo.

"Mkwe," akasema taratibu, "sisi ni watu wa chai. Tunachuma jani moja moja. Ng'ombe tutajitahidi. Pikipiki hapana."

"Bila pikipiki hakuna mtoto!"

"Basi hakuna neno."

Nikamwona Shukrani kupitia upenyo wa mlango, ameshika kanga mdomoni. Esteria alikuwa nyuma yake, ametulia tuli, kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

Mzee Aron akainuka. Tulidhani anaondoka. Kumbe alitaka kujisaidia tu. Akaelekezwa choo cha nje, fahari nyingine ya Nikodemo, maana kilikuwa na sinki jeupe linalong'aa, lililonunuliwa Tanga na kupandishwa mlima likiwa limefungwa blanketi kama mtoto mchanga.

Alikaa huko muda. Aliporudi, hakuwa Aron yule. Uso ulikuwa umeacha kazi. Alikaa chini polepole kama anakalia mayai, akatazama picha ya Yesu iliyokuwa ukutani, akavuta pumzi.

"Ndugu zangu," akasema, "maisha haya ni nini?"

Tukatazamana. "Kweli kabisa," nikasema, kwa mazoea.

"Tunagombania pikipiki. Pikipiki! Binadamu ni ua. Leo yupo, kesho..." Akashindwa kumalizia. "Mkwe, pikipiki utapata. Na ng'ombe. Na tangi. Na mashine. Watoto waoane upesi, nikiwa bado nawaona."

Wenzake wakaruka! Mama Yunis akafoka, ulimi umeanza kurudi: "Kaka Aron, una wazimu? Pikipiki ya nani?"

"Mama Yunis, dada yangu, niache. Hujui ninachokijua."

Nikodemo sasa! Alikuwa mtu anayepaa. Akatukonyeza wote, akanong'oneza Bibi Beatha, "Umeona dada? Juisi imemlainisha moyo!" Kisha, kwa vile ushindi haumtoshi mshindi, akaongeza madai: na baiskeli ya kijana wa shambani, na mabati ya kuezekea jiko!

"Chukua," Mzee Aron akasema, macho kwenye picha. "Chukua yote."

Mzee mmoja wa Kwamkoro akatoka kwenda chooni kwa hasira. Akarudi bila hasira. Akakaa, akamshika Mzee Aron mkono, wala hawakuambiana kitu.

Hapo ndipo Nikodemo naye akaitwa na haja. Alitoka anapiga mluzi wa wimbo wa kwaya. Mluzi ule niliusikia ukizunguka nyumba, ukipita migombani, ukiingia chooni. Halafu ukakatika katikati ya ubeti.

Hakurudi sebuleni. Alikwenda moja kwa moja jikoni. Mimi nilikuwa nimetoka kuosha mikono pale nje, na jiko la mbao lina nyufa. Siombi msamaha.

"Mama Shukrani." Sauti ilikuwa ya mtu aliye ndani ya kisima. "Nakufa."

"Unakufa na nini?" Esteria alikuwa anapeta mchele. Hakuacha.

"Usiniulize. Damu yangu inaniacha. Nataka nikuage nikiwa safi." Akapiga magoti, ile suruali ya pasi! "Ile nyama niliyowakataza. Kila siku ya gulio pale Soni nilikuwa nakula kitimoto."

"Ehe."

"Na chipsi. Chipsi mayai."

"Ehe."

"Na soda. Ya baridi!"

"Na nini kingine?"

Akalia kabisa. "Na dengelua." Yaani pombe ya miwa! Mzee wa kanisa, mkataza soda! "Nilikuwa natafuna kitunguu saumu ili usinuse. Na ile sukari niliyokwambia nimeimwaga mtoni, ipo. Ipo kwenye sanduku langu la misumari."

Ungo ukasimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Nimekusamehe, Baba Shukrani," Esteria akasema, kwa sauti laini sana. "Kufa utakufa, kila mtu atakufa. Lakini usiende mbele za Mungu ukiwa umepakia pikipiki ya watu. Rudi ndani ukamalizane nao kwanza."

Nikodemo akainuka, magoti yamejaa majivu, akaingia sebuleni ameshikilia ukuta. Nilirudi mbio kwenye kiti changu.

"Mkwe Aron," akasema, "nisamehe. Sitaki pikipiki."

"Hapana, utapewa."

"Sitaki! Wala tangi. Wala mabati."

"Ndugu yangu, nimeshasema nitatoa. Ninakokwenda siendi na tangi."

"Hata mimi ninakokwenda hakuna tangi! Sitaki ng'ombe!"

"Ng'ombe lazima!"

"Ukileta ng'ombe nitamfukuza!"

Jamani, mimi nimeona watu wakigombana kwa mahari, lakini hawa walikuwa wanataka kupigana ngumi kila mmoja akimlazimisha mwenzake apokee! Wakakumbatiana, wakalia, wakashikana mashati, wakakumbatiana tena. Bibi Beatha alikuwa ameshika kichwa. Mama Yunis aliniuliza mimi kama nyumba hii ina mapepo.

Esteria akaingia, amejifuta mikono, akapiga goti kidogo mbele ya wageni kama desturi inavyotaka.

"Nisameheni wazee wangu. Nataka kuelewa tu, mimi mama wa mtoto. Mmekubaliana nini?"

"Mkaja wako wewe uliyemzaa," akasema Nikodemo, "na blanketi la bibi yake. Basi. Neno langu la mwisho, na dada yangu ni shahidi."

"Nimesikia," Bibi Beatha akasema.

"Sisi tumesikia pia," Mama Yunis akadakia haraka, kabla hewa haijabadilika.

Wakapeana mikono. Shukrani akapiga vigelegele nyuma ya mlango. Mzee Aron akaombwa afunge kwa sala, wote tukasimama, tukafumba macho.

Akaomba vizuri, kwa ajili ya Mbelwa, kwa ajili ya Shukrani, kwa ajili ya wajukuu watakaokuja. Kisha sauti ikaanza kutetemeka.

"Na mimi mja wako, Bwana, usinichukue kabla ya harusi. Wewe umeona kule chooni. Umeona mja wako anavyokojoa damu."

Macho yote yakafumbuka!

"Hata wewe?" akasema yule mzee mwenzake.

"Hata wewe?" akasema Nikodemo.

"Na wewe?" Mzee Aron akamuuliza Nikodemo.

Mama Yunis akaachia ukelele uliofika Bumbuli.

"Tumelishwa sumu! Tu wekundu wote! Aliyekuwa na hamu ya pikipiki katuua!"

Ikawa vurugu. Mzee mmoja akaanza kutafuta viatu, mwingine akajilaza sakafuni ili akifa asianguke. Bibi Beatha akamshika Nikodemo masikio yote mawili kama anamchuna sungura. "Umewapa nini watu wa watu, wewe!"

"Bitiruti," Esteria akasema.

Hakupaza sauti, lakini watu walisikia.

"Ni ile juisi. Bitiruti ina rangi kali. Wengine ikishuka tumboni inatoka na rangi yake ile ile, wengine haiwaonyeshi kitu. Nilipomzaa Shukrani niliishiwa damu, hospitalini wakawa wananipa kila siku. Mara ya kwanza nililia kama nyinyi. Muuguzi akanicheka. Hamuumwi, kesho mtakuwa kama jana. Hata mimi leo nimekunywa, na nimeona."

Yule wa sakafuni akakaa, akajipapasa kama mtu aliyerudishiwa mwili wake. Mama Yunis akaanza kucheka, na akicheka meza inacheka naye.

Nikodemo alikuwa amesimama tu. Uso ulipita rangi zote za viungo vyake, bizari, mdalasini, pilipili.

"Mama Shukrani. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu ulipokuwa unapeta mchele?"

"Tangu ulipoipasua ile bitiruti."

"Na mimi nimepiga magoti! Mbona hukuniambia?"

"Dokta ni wewe. Mimi nani?"

Hapo ndipo akili ya Nikodemo iliporudi, na ilirudi ikiendesha pikipiki! Akajikohoza, akanyoosha koti.

"Basi wazee wangu, kama ni hivyo, yale niliyosema yafutwe. Sikuwa mimi. Nilisema nikiwa mgonjwa."

Mzee Aron alikuwa ameshakaa. Fimbo ilikuwa imerudi mikononi, na uso ulikuwa umerudi kazini, mnyapara kamili.

"Mgonjwa wa nini, mkwe?"

"Si... si ile juisi ilinichanganya."

"Ahaa. Sawa. Mama Yunis, dada yangu, sikiliza vizuri, na wewe Bibi Beatha. Tukishuka Soni, tukifika Korogwe, tukifika Kwamkoro, watu watatuuliza kulikuwaje. Tutawaambia maneno ya mwenye nyumba mwenyewe: juisi ya Dokta Nikodemo inaharibu watu akili, mwenyewe alipoinywa akasema asiyoyajua." Akagonga fimbo sakafuni. "Ama tutawaambia ni juisi ya afya. Na kama ni ya afya, basi ulikuwa na afya ulipotupa neno. Chagua wewe. Sisi ni wageni tu."

Nikodemo akatutazama mmoja mmoja. Akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikusema "kweli kabisa". Akatazama jagi.

"Juisi," akasema, sauti ya mtu anayemzika ng'ombe wake, "ni ya afya."

"Nilidhani hivyo," Mzee Aron akasema. Akalivuta lile jagi, akajaza glasi mpaka ukingoni, akamsogezea kwa mikono miwili, kwa heshima zote anazostahili mkwe.

"Basi kunywa, tukuone."

Nikodemo akanywa. Akaimaliza yote.